Namba 61,741,120: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tarehe 31 Oktoba 2022, katika Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya mwanzo ya Sensa ya Watu na Makazi: Tanzania ina watu 61,741,120. Wachumi wameichambua namba hiyo kwa habari ya madarasa, zahanati na ajira, nao wana haki yao. Sisi tunaofundisha hesabu tumeikalia kwa sababu nyingine: ukiivunjavunja, ndani yake mna mambo ambayo huwezi kuyapata kwenye namba yoyote tu ya kubahatisha. Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wanafunzi wa tuisheni, wazazi wao na hata walimu wenzetu huyarudia. Kalamu na karatasi vinatosha karibu kote.

## Mambo ya mwanzo

1. Namba hii inasomwaje?

Milioni sitini na moja, laki saba, arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Wanaokwepa laki husema "mia saba arobaini na moja elfu", na hilo nalo ni sahihi. Jihadhari na "elfu arobaini na moja, mia moja": anayekusikiliza anaweza kuandika 40,000 kisha 1, akapotea. Ndiyo maana wengi hutanguliza arobaini na moja halafu elfu.

2. Ni kubwa kiasi gani hasa?

Tuseme unahesabu mtu mmoja kila sekunde, umeanza saa sita kamili usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, usiku uleule wa sensa, na huli wala hulali. Utamaliza baada ya siku 714, saa 14, dakika 18 na sekunde 40. Hiyo ni tarehe 6 Agosti 2024, saa nane na dakika 18 mchana, zimebaki siku mbili kufika Nanenane na viwanja vya Nzuguni vimeshajaa watu.

Kweli, hakuna anayeweza kutamka "milioni hamsini na tisa, laki nane..." kwa sekunde moja. Hapo tumekuonea huruma.

3. Ni shufwa au witiri?

Shufwa, maana inaishia na 0. Kinachowachanganya wanafunzi ni kwamba imetokana na namba mbili za witiri: Tanzania Bara watu 59,851,347 na Zanzibar watu 1,889,773. Witiri ukijumlisha na witiri unapata shufwa kila mara, kwa sababu zile moja mbili zilizobaki pembeni zinaunda jozi.

4. Nitajuaje kama jumla imekosewa, na sina kikokotoo?

Tumia baki la kugawanya kwa 9. Namba yoyote na jumla ya tarakimu zake huacha baki lilelile zikigawanywa kwa 9, kwa hiyo huhitaji kugawanya. Jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja.

Chukua Bara: 5+9+8+5+1+3+4+7 = 42, na 4+2 = 6. Zanzibar: 1+8+8+9+7+7+3 = 43, na 4+3 = 7. Jumlisha 6 na 7 upate 13, yaani 4. Sasa jumla kuu: 6+1+7+4+1+1+2+0 = 22, yaani 4. Zimekubaliana.

Jaribu kwa jinsia: wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Tarakimu za wanaume zinatoa 15, yaani 6. Za wanawake zinatoa 43, yaani 7. Tumerudi kwenye 6 na 7 zilezile. Imetokea tu, lakini darasani watoto hulipenda hilo kuliko kanuni yenyewe.

Njia hii ina upofu mmoja. Mtu akipindua tarakimu mbili na kuandika 61,714,120, jumla ya tarakimu bado ni 22 na kosa halionekani. Kwa hiyo zikikataa, ujue kuna kosa, zikikubali, usiape.

## Kugawanyika

5. Kati ya 1 na 10, inagawanyika kwa zipi?

Kwa 1, 2, 4, 5, 7, 8 na 10. Kwa 3, 6 na 9 haigawanyiki, kwa sababu jumla ya tarakimu ni 22 na 22 si kigawe cha 3.

Upande wa mbili ndiko ilikojaa. Kwa 8 unatazama tarakimu tatu za mwisho: 120 ni 8 × 15. Kwa 16 unatazama nne: 1,120 ni 16 × 70. Ukiendelea hivyo utafika 64, maana 741,120 ni 64 × 11,580. Kwa 128 inagoma.

6. Kwa 7 mnajuaje bila kugawanya? Mbona shuleni tuliambiwa 7 haina njia?

Njia ipo, ni vile tu haifundishwi sana. Siri yake ni kwamba 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata namba kwenye mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kama mikato ilivyokwisha kukuwekea: 61 | 741 | 120. Kisha anzia kulia, toa, jumlisha, toa, kwa kupokezana:

120 − 741 + 61 = −560

Sasa 560 ni 7 × 80, kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 7. Hesabu hiyohiyo moja inakupa majibu ya 11 na 13 bure: 560 haigawanyiki kwa 11 wala kwa 13, basi 61,741,120 nayo haigawanyiki. Kwa 11 inabaki 1. Liweke hilo baki akilini. Tutalihitaji kwenye swali la 21.

7. Je, ni namba tasa?

Hapana, shufwa tasa ni 2 peke yake. Lakini swali zuri zaidi ni hili: ingekuwa inaishia na 1 au 7, ungejaribu mpaka wapi kabla ya kusema ni tasa? Jibu ni kipeuo chake cha pili, ambacho kiko kati ya 7,857 na 7,858. Namba tasa zisizozidi 7,857 ziko 992. Ni kazi ya siku nzima kwa mkono, na ya kufumba na kufumbua kwa simu.

8. Vigawo vyake tasa ni vipi?

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Tufuate njia. Ondoa 10 ubaki na 6,174,112. Gawa kwa 2 mara tano: 3,087,056, 1,543,528, 771,764, 385,882, 192,941. Hapa shufwa imekwisha. Gawa kwa 7, kama swali la 6 lilivyotuahidi, upate 27,563. Sasa ndipo wengi hukata tamaa: haigawanyiki kwa 7 tena, wala 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41. Kwa 43 inafunguka: 43 × 641. Na 641 ni tasa, maana haigawanyiki kwa tasa yoyote mpaka 23, na 29 × 29 ni 841, imeshapita.

Mwanafunzi anayeacha kwenye 37 na kuandika kwamba 27,563 ni tasa tunampa alama za njia. Amejitahidi, ila hakufika kwenye kipeuo cha pili, ambacho kwa 27,563 ni zaidi kidogo ya 166.

9. Ina vigawo vingapi kwa jumla?

112. Ongeza 1 kwenye kila kipeo cha swali la 8, kisha zidisha: 7 × 2 × 2 × 2 × 2. Kila kigawo ni uamuzi wa kuchukua mbili ngapi (kuanzia hakuna mpaka sita), kuchukua au kuacha 5, kuchukua au kuacha 7, na kadhalika.

10. Watu wote wakipangwa kwa mistari iliyo sawa, asibaki mtu, mstatili ulio karibu zaidi na mraba ni upi?

Mistari 6,880 yenye watu 8,974 kila mmoja.

Vigawo 112 vinaunda jozi 56, na katika kila jozi mmoja lazima abebe 641. Kwa hiyo tafuta kizidishio cha 641 kitakachoifikisha karibu na 7,857. Kingekuwa 12 na ushee, lakini 11, 12 na 13 hazimo kwenye vigawo vyetu. Waliobaki jirani ni 10 na 14. Kwa 10 unapata 6,410 × 9,632. Kwa 14 unapata 8,974 × 6,880, na huo ndio unaoshinda.

11. Na wakigawanywa sawa kwa mikoa 31?

Kila mkoa ungepata watu 1,991,649, abaki mtu mmoja. Mmoja tu! Swali la 21 linamrudia mtu huyo.

12. Je, ni namba kamilifu?

Hapana. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vinajumlika kuwa sawa nayo, kama 6 = 1 + 2 + 3. Ya kwetu inazidi: vigawo vyake bila yenyewe vinajumlika kuwa 110,458,688. Hatukuhitaji hata kuvijumlisha. Vigawo vya 20, ukiiacha 20, ni 1, 2, 4, 5 na 10, jumla 22, tayari vimezidi. Na kila kigawe cha namba iliyozidi nacho huzidi.

Kwa jirani zake, namba kamilifu ya tano ni 33,550,336 na ya sita ni 8,589,869,056. Yetu imekaa katikati, kwenye pengo kubwa lisilo na kitu.

13. Ni mraba kamili? Au jumla ya miraba?

Mraba kamili si yenyewe: 7,857² ni 61,732,449 na 7,858² ni 61,748,164. Kipeo kamili cha tatu pia sivyo. 395³ ni 61,629,875 na 396³ imeshapita milioni 62.

Jumla ya miraba miwili haiwezekani, na sababu yake inapendeza. Tasa inayobaki 3 ukiigawa kwa 4 lazima itokee mara shufwa ndani ya namba ndipo miraba miwili itoshe. Hapa 7 na 43 zote zinabaki 3, na kila moja imetokea mara moja. Mlango umefungwa mara mbili.

Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba miraba minne inatosha kwa namba nzima yoyote. Kwa yetu mitatu inatosha:

61,741,120 = 7,848² + 304² + 240²

14. Kompyuta inaiandikaje?

Kwa 0 na 1 tupu: 11101011100001100001000000. Tarakimu 26, moja kumi na sifuri kumi na sita. Zile sifuri sita za mwisho ni zile mbili sita za swali la 8.

## Tarakimu nne za mwanzo: 6174

15. Kwa nini walimu wa hesabu walichangamka walipoiona?

Kwa sababu inaanza na 6174, namba yenye jina lake duniani. Aliyeigundua ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule ya kawaida huko Devlali, India, mnamo mwaka 1949. Hakuwa profesa wa chuo chochote.

Mchezo wake ni huu. Andika namba yoyote ya tarakimu nne, ilimradi tarakimu zake zisiwe zote zilezile (kama 3333). Zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, kisha kuanzia ndogo kwenda kubwa, toa ndogo kwenye kubwa. Jibu lifanyie vivyo hivyo. Utafika 6174 bila kuzidi hatua saba, na ukifika hutoki: 7641 − 1467 = 6174.

Tujaribu mwaka wa sensa, 2022:

2220 − 0222 = 1998
9981 − 1899 = 8082
8820 − 0288 = 8532
8532 − 2358 = 6174

Hatua nne.

16. Miaka mingine ya historia yetu inachukua hatua ngapi?

Hili huulizwa kila tunapofika hapa, basi tumeweka majibu. Mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, ndio wa haraka: 9731 − 1379 = 8352, kisha 8532 − 2358 = 6174. Hatua mbili. (Uhamaji wenyewe ulichukua miongo.) Mwaka 1964, wa Muungano, ni hatua sita: 8172, 7443, 3996, 6264, 4176, 6174.

Na 1961, mwaka wa Uhuru wa Tanganyika, unamaliza zote saba: 8442, 5994, 5355, 1998, 8082, 8532, 6174. Hakuna namba ya tarakimu nne inayokawia kuliko hapo.

17. Kwa nini lazima zifike? Au ni mazingaombwe?

Ziite tarakimu zako a, b, c, d kuanzia kubwa. Ukitoa, herufi zinakatana na kinachobaki ni 999 × (a − d) + 90 × (b − c). Maana yake, baada ya hatua ya kwanza tarakimu zenyewe hazina maana tena. Zimebaki tofauti mbili tu. Ya kwanza ni kati ya 1 na 9, na ya pili haiwezi kuizidi ya kwanza. Hesabu njia zote: 2 + 3 + 4 + ... + 10 = 54.

Kwa hiyo namba karibu elfu kumi zinapita kwenye mlango wa njia 54. Mtu mwenye subira anaweza kuzifuata zote 54 kwa mkono alasiri moja na kuona kwamba zote zinaishia mahali pamoja. Uthibitisho ndio huo, hauhitaji kitu zaidi. Ona pia kwamba 999 na 90 zote ni vigawe vya 9. Basi kila jibu njiani ni kigawe cha 9, na 6174 nayo ni 9 × 686.

Angalizo kwa wanaokwama: sifuri ya mbele usiitupe. 2111 − 1112 ni 0999, na hatua inayofuata ni 9990 − 0999. Ukiandika 999 tupu utakuwa umehamia mchezo wa tarakimu tatu, ambao una mwisho wake mwingine, 495.

18. Nikiufanya mchezo huo kwa 61,741,120 nzima, nafika wapi?

Hufiki popote. Hili ndilo jibu tunalolipenda kuliko yote katika ukurasa huu.

Kwa tarakimu nane zipo namba mbili zinazojizaa zenyewe kama 6174: 63,317,664 na 97,508,421. Ungetegemea namba yetu itue kwenye mojawapo. Tazama:

76421110 − 01112467 = 75308643
87654330 − 03345678 = 84308652
88654320 − 02345688 = 86308632
88663320 − 02336688 = 86326632
86663322 − 22336668 = 64326654
66654432 − 23445666 = 43208766
87664320 − 02346678 = 85317642

Angalia tarakimu za jibu la mwisho: 8, 5, 3, 1, 7, 6, 4, 2. Zote kuanzia 1 mpaka 8, kila moja mara moja. Basi hatua inayofuata inajiandika yenyewe:

87654321 − 12345678 = 75308643

Tumerudi kwenye jibu la kwanza kabisa. Kuanzia hapo ni kuzunguka duara la namba saba, milele. Tarakimu zake nne za mwanzo ndizo mwisho wa safari ya kila namba ya tarakimu nne, lakini yenyewe nzima haina mwisho wa safari.

## Kigawo kikubwa: 641

19. Hiyo 641 ina nini cha ajabu?

Mwaka 1640 Pierre de Fermat alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kipeo (1, 2, 4, 8, 16) kisha ikaongezwa 1, na kila moja ni tasa. Akaamini kwamba inayofuata, 2³² + 1 = 4,294,967,297, nayo ni tasa, na zote zitakazofuata. Alikuwa bingwa, watu wakamwamini karibu miaka mia.

Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417. Hakubahatisha. Inajulikana kwamba kigawo tasa cha namba hiyo lazima kibaki 1 kikigawanywa kwa 64. Tasa za namna hiyo ni chache: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano ndiyo iliyoivunja.

Uthibitisho wake mfupi unaingia kwenye nusu ukurasa wa daftari. Ona kwamba 641 inaandikika kwa namna mbili: 641 = 5 × 2⁷ + 1, na pia 641 = 5⁴ + 2⁴. Kutokana na ya pili, 641 inagawanya 2²⁸ × (5⁴ + 2⁴), yaani 5⁴ × 2²⁸ + 2³². Kutokana na ya kwanza, 641 inagawanya (5 × 2⁷)⁴ − 1, yaani 5⁴ × 2²⁸ − 1, kwa sababu x⁴ − 1 hugawanyika kwa x + 1 daima. Toa 5⁴ × 2²⁸ − 1 kwenye 5⁴ × 2²⁸ + 2³²: kinachobaki ni 2³² + 1, na 641 inaigawanya pia.

Kidato cha nne wanaweza kuufuata. Tumeona hata wa pili wakiufuata, ukiwapa muda.

## Maswali ya pembeni

20. Mwalimu, kuwa na 6174 mbele na 641 ndani, si ishara ya jambo?

Si ishara ya jambo lolote kuhusu nchi. Tarakimu nne za mwanzo zina njia 9,000 za kuwa. Mojawapo ilibidi itokee, na 6174 ina haki sawa na 5382 ambayo hakuna angeiandikia ukurasa. Wapo pia wanaotafuta namba za bahati nasibu humu. Ziacheni pesa zenu mfukoni.

Ila usichanganye mambo mawili. Kwamba idadi ya watu iliangukia 61,741,120 ni bahati. Kwamba 61,741,120 inagawanyika kwa 641 si bahati. Ilikuwa hivyo kabla ya sensa yoyote na kabla ya Tanzania. Wale wanaotuuliza kama majibu haya yamepitwa na wakati kwa kuwa watoto wanazaliwa kila siku, jibu letu ni hilohilo: idadi ya watu imesogea, vigawo havijasogea.

Na namba ya Mkoa wa Dodoma je?

Sensa hiyohiyo iliupa mkoa watu 3,085,625. Inaishia na 625, basi ijaribu kwa 625: unapata 4,937, na hiyo ni tasa. Kwa hiyo 3,085,625 = 5⁴ × 4,937, vigawo kumi tu dhidi ya 112 vya taifa. Kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo mbili ni 5.

Kuna jambo lingine ambalo hutokea kwenye mazungumzo ya vijiweni: "Dodoma ni mmoja kati ya ishirini." Gawa 61,741,120 kwa 20 upate 3,087,056. Mkoa umepungukiwa na watu 1,431 tu kuifikia. Wa kijiweni hawakukosea sana.

21. Ingekuwaje kama karani angemsahau mtu mmoja?

Kila kitu kingebadilika. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kwa hiyo 61,741,119 inapoteza 2, 5, 7, 43 na 641 zote kwa mkupuo. Inachopata badala yake: swali la 6 lilisema baki la 11 ni 1, basi mtu akiondoka inagawanyika kwa 11. Swali la 11 lilisema baki la 31 ni 1, basi inagawanyika kwa 31. Na jumla ya tarakimu sasa ni 30, basi inagawanyika kwa 3.

61,741,119 = 3 × 11 × 31 × 60,353

Na 60,353 ni tasa. Ukitaka kuhakiki, jaribu tasa zote mpaka 241. Vigawo vimeshuka kutoka 112 mpaka 16. Hakuna 6,880 × 8,974 tena. Lakini mikoa 31 ingegawana sawasawa, 1,991,649 kila mmoja, bila ugomvi wa nani amchukue yule aliyebaki.